Mwanamke wa Kawaida na Maandishi Matatu

Watu mashuhuri hawapati taabu ya kukumbukwa. Njia za miji huitwa kwa majina yao, sura zao hupigwa chapa katika fedha, na waandishi hushindana kueleza siku waliyozaliwa na siku waliyofariki. Mwanamke aliyeamka alfajiri miaka sitini kwenda mtoni, akazaa watoto tisa na kuzika watatu, akalima shamba ambalo hati yake haikuwa na jina lake, hana njia wala sarafu. Walakini, ikiwa historia ni habari za watu, watu wa namna yake ni wengi kuliko mashuhuri wote wakijumlishwa pamoja. Swali la insha hii ni hili: je, mtu kama huyo aweza kuandikwa? Na akiandikwa, ni maandishi ya namna gani yamtendeayo haki?

Nitajaribu kulijibu kwa kupima maandishi matatu yaliyotoka katika nchi moja, ile iliyoko mashariki na kusini ya Mlima Kenya, yaani Meru na Embu. La kwanza ni kitabu cha masimulizi ya maisha, la pili ni kitabu cha historia, na la tatu ni ushahidi uliotolewa mahakamani. Sikuyachagua kwa kuwa hayana kasoro. Niliyachagua kwa sababu kila moja lamshika mwanamke yule yule kwa mkono mwingine, na msomaji ayalinganishapo huona jambo ambalo moja peke yake lisingemwonyesha.

Kabla ya kupima kazi ya mtu ni vema kujua ugumu wake. Embu ilitiwa chini ya utawala wa Waingereza kwa vita vya mwaka 1906, na boma la Meru likasimamishwa mwaka 1908. Utawala ulikuja na karatasi, lakini karatasi zile zilimtafuta mwanamume. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwake. Kipande, kilichoanza kutolewa baada ya Vita Kuu ya kwanza, kilining'inizwa shingoni mwake. Mashamba yalipopimwa na kuandikishwa kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, hati mara nyingi ilitolewa kwa jina lake. Hata baada ya Uhuru sheria ya vitambulisho haikuwahusu wanawake mpaka ilipobadilishwa mwaka 1978. Kwa hiyo mwanamke aliyezaliwa karibu na mwaka 1910 aliweza kufika uzeeni pasipo serikali kumwandika mahali popote. Karatasi zilimkuta katika milango miwili tu: mlango wa kanisa alipobatizwa, kama vile Kigari, Kaaga au Chogoria, na mlango wa mahakama alipohesabiwa kuwa amekosa. Mtu ambaye habari zake zimehifadhiwa katika daftari la ubatizo na daftari la makosa ataonekana kuwa ama mtakatifu ama mhalifu, na mamlaka ya dunia hayajui kwamba katikati ya hayo mawili ndipo alipoishi.

Hata hivyo historia haikupita mbali na ua wake. Alipokuwa mtoto, Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 iliwachukua wanaume kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Alipokuwa kijana, mwaka 1929, makanisa ya misioni yaliwataka waumini waape kuiacha tohara ya wasichana, na Chogoria ikapoteza sehemu kubwa ya watu wake. Katika miaka ya 1930 serikali iliwaruhusu Waafrika wa Meru na Embu kupanda kahawa, ruhusa iliyokuwa imenyimwa wengi, na jembe la mwanamke likaongezewa kazi nyingine. Mwezi Oktoba 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 watu wa Gikuyu, Embu na Meru walilazimishwa kuvunja nyumba zao na kuhamia vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Watu zaidi ya milioni moja walikusanywa katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 1963 ukaja Uhuru. Mambo haya yote yamo vitabuni. Lisilokuwamo mara nyingi ni swali alilojiuliza yeye kila asubuhi: amri ya kutotoka imewekwa, maji yatatoka wapi, na watoto watakula nini?

Andiko la kwanza ni kitabu kiitwacho Voices from Mutira, kilichochapishwa mwaka 1989. Mutira iko Kirinyaga, na wenyeji wake ni Wagikuyu. Lakini mpaka mwaka 1963 Kirinyaga ilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu, na amri zilizotoka katika boma la Embu ndizo zilizotawala maisha yao. Mwandishi wake, Jean Davison, alikaa na wanawake wa mahali pale na kusikiliza masimulizi ya wanawake saba wa umri mbalimbali. Katika jalada hakuandika jina lake peke yake. Aliandika kwamba kazi ile aliifanya pamoja na wanawake wa Mutira. Jambo hili huenda likaonekana dogo, lakini ni la adili. Mwenye shamba hutambuliwa kwanza, na mwenye kikapu hufuata.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba mwanamke hasimami mbele ya msomaji kwa ajili ya jambo moja tu. Twamwona mtoto, mwari, bibi arusi, mke mwenza, mama, mjane, mkulima na mwanachama wa kikundi. Hali ya Hatari ni sura moja katika maisha yake, nayo si maisha yake yote. Kwa kuwa wasimulizi walizaliwa katika miaka iliyo mbalimbali, jambo lile lile, kama vile ndoa au shule, huonekana likibadilika kutoka mama mpaka binti. Mama hakupelekwa shule kwa kuwa alihitajiwa nyumbani. Binti alipelekwa akaachishwa karo ilipokwisha. Mjukuu anasoma, na nyanya yake anauza mazao ili asome. Mfululizo huo haukupangwa na mwanafalsafa. Hupatikana kwa kuweka masimulizi kando ya masimulizi, kama mtu apangavyo vitambaa vya rangi mbalimbali na kuona nguo.

Uzuri wake wa pili ni kwamba mwandishi alirudi. Toleo la mwaka 1996 lahesabu miaka ya 1910 mpaka 1995, na linaeleza yaliyobadilika baada ya toleo la kwanza. Waandishi wengi huja, wakauliza, wakaondoka, na mtu waliyemwandika hubaki katika ukurasa akiwa na umri ule ule milele. Kurudi ni kukiri kwamba aliyeandikwa yungali anaishi.

Lakini kitabu hiki kina upungufu ambao msomaji hana budi kuujua. Maneno yalisemwa kwa Kigikuyu nasi twayasoma kwa Kiingereza. Tena masimulizi yaliyozaliwa na maswali huchukua sura ya maswali. Mwanamke aliyeulizwa habari za utoto, kisha mwari, kisha ndoa, kisha uzazi, atajibu kwa utaratibu huo, na maisha yake yataonekana kama ngazi. Huenda yeye mwenyewe, angeachwa aanze apendapo, angeanzia na kifo cha mtoto, au na siku alipofukuzwa katika shamba. Siri ya mtungi iulize kata. Lakini hata kata huweza kuteka pale tu mkono wa mtu ulipoielekeza.

Andiko la pili ni kitabu cha Lynn Thomas, Politics of the Womb, kilichochapishwa mwaka 2003. Hiki ni kitabu cha historia ya Meru zaidi kuliko mahali pengine popote. Mwandishi alisoma nyaraka za serikali na za misioni, kisha akaenda kuzungumza na wazee waume kwa wake. Hoja yake ni kwamba serikali ya kikoloni, wamisionari, wazee wa Njuri Ncheke na hatimaye Bunge la taifa huru, wote kwa zamu zao, walipigania haki ya kuamua juu ya mwili wa mwanamke, nani azae, lini na kwa nani.

Sura iliyo maarufu zaidi ni ile ya wasichana walioitwa Ngaitana, maana yake, nitajitahiri mwenyewe. Mwaka 1956, katikati ya Hali ya Hatari, baraza la Njuri Ncheke, ambalo ni la wanaume, lilipiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru yote kwa kuhimizwa na mkuu wa wilaya. Jibu lilikuwa la ajabu. Wasichana walinunua nyembe dukani, wakaenda porini, wakatahiriana wenyewe kwa wenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuvunja amri ile.

Mwandishi wa haraka angeandika kwamba wasichana wale walikuwa wapiganaji wa uhuru, akafunga ukurasa. Mwingine wa haraka kama yeye angeandika kwamba walikuwa wajinga waliokataa nuru. Thomas hakubali wepesi huo. Aonyesha kwamba serikali iliyopiga marufuku mwaka 1956 ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa imewalazimisha watu wa Meru, katika miaka ya 1930, wawatahiri wasichana wakiwa na umri mdogo zaidi, kwa kudhani kwamba hivyo utoaji mimba utapungua. Mama na nyanya waliona kwamba mamlaka yao ya kumfanya msichana awe mwanamke yalikuwa yakichukuliwa na wanaume wa baraza na wanaume wa boma. Msichana naye aliogopa kubaki mtoto machoni pa wenzake. Twapewa sababu nyingi zilizosukana, nasi twalazimika kufikiri.

Hapa msomaji wa leo yuko katika njia nyembamba. Desturi ile, iitwayo sasa ukeketaji, yadhuru mwili na yahatarisha uzazi, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yaikataza kabisa. Sina nia ya kuisifu. Lakini kumwelewa mtu si kumwiga, na kulaani tendo si sababu ya kutomsikiliza aliyelitenda. Aliyetoa amri mwaka 1956 hakuwauliza wasichana wala mama zao lolote. Amri isiyouliza huweza kuwa na shabaha njema na bado ikazaa wembe porini. Hilo ni funzo ambalo watunga sheria wa zama zote wafaa kulisoma, nalo tusingelipata kama mwandishi angeridhika na mafaili ya boma.

Sura ya mwisho yahamia katika taifa huru. Sheria ya mwaka 1959 ilimruhusu mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto gharama za malezi. Mwaka 1969 Bunge, ambalo wakati ule halikuwa na mbunge mwanamke hata mmoja, liliifuta. Bendera ilikuwa imebadilika, na bado wanaume walikuwa wakikaa chumbani kuamua habari za wasiokuwamo.

Kasoro ya kitabu hiki ni kasoro ya ubora wake. Mwandishi afuata hoja, na mwanamke huingia ukurasani hoja inapomhitaji, akatoka inapomaliza naye. Twamjua msichana wa Ngaitana siku ya wembe na siku ya mahakama. Hatumjui aliolewa na nani, alilima nini, alifanya nini binti zake walipofika umri ule ule miaka ishirini baadaye. Yeye ni mmoja katika 2,400. Hesabu ile yatupa ukubwa wa jambo, lakini hesabu haina uso.

Andiko la tatu si kitabu. Ni ushahidi wa Jane Muthoni Mara, mmoja wa Wakenya waliofungua kesi dhidi ya serikali ya Uingereza mwaka 2009 katika Mahakama Kuu ya London. Mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitano. Alishikwa kwa kuwasaidia Mau Mau, akapelekwa katika kambi ya kuhojiwa ya Gatithi, katika wilaya ya Embu ya wakati ule. Huko aliteswa kwa namna ya kuudhalilisha mwili wa kike. Hapana haja ya kurudia hapa aliyotendewa. Aliyasema yeye mwenyewe, kwa ujasiri ambao wengi wetu hatuna, mbele ya watu wa nchi iliyomtawala. Miaka zaidi ya hamsini alikuwa ameyabeba. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Tarehe 5 Oktoba 1992 haikumletea kitu, wala tarehe kama hiyo ya miaka mingine mingi. Lakini tarehe 5 Oktoba 2012 Jaji McCombe aliamua kwamba yeye na wenzake wawili waweza kusikilizwa ingawa muda mrefu umepita. Nyaraka zilizoondolewa Kenya wakati wa Uhuru na kufichwa Uingereza zilikuwa zimefichuliwa mwaka 2011, nazo zilitia nguvu maneno ya wazee wale. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228.

Kama tukipima andiko kwa matokeo yake, hili limeyashinda mengine yote. Vitabu viwili vya kwanza vilibadili mawazo ya wasomaji. Ushahidi huu ulibadili msimamo wa dola. Maneno ya mwanamke wa kijijini, aliyoyasema kwa lugha yake, yaliingia katika mizani ya sheria yakaonekana kuwa na uzito.

Lakini kwa upande wa maisha, hili ndilo andiko jembamba kuliko yote. Mahakama haikumwuliza alikuwa nani. Ilimwuliza alitendwa nini, wapi, na nani. Swali la mahakama ni la haki kwa kazi yake, lakini mtu aliyejibiwa kwa swali hilo hubaki kuwa jeraha lake. Mama, mke, mkulima, mtu aliyecheka harusini, wote hao hawakuitwa kutoa ushahidi. Tena mlango ule haukukaa wazi. Kesi nyingine ya wadai zaidi ya 40,000 ilikataliwa mwaka 2018, na sababu kubwa ilikuwa ni kwamba muda umepita mno hata mashtaka hayawezi kusikilizwa kwa haki. Hapa ndipo twaona kwamba suala hili si la wasomi peke yao. Habari isiyoandikwa mapema huja ikaambiwa kwamba imechelewa.

Basi ni lipi kati ya matatu limtendealo mwanamke wa kawaida haki? Hukumu yangu ni hii. Ushahidi wa mahakamani ulimpa malipo na heshima, lakini ulimtaka alete jeraha tu. Kitabu cha historia kilimpa sababu, kikaonyesha nguvu zilizomzunguka, lakini kilimtaka alete mfano wa hoja. Kitabu cha masimulizi kilimtaka alete maisha, naye akaleta. Kwa hiyo nakiweka mbele, pamoja na ngazi yake ya maswali na lugha yake ya kukopa. Sababu yangu ni moja. Katika kitabu hicho mwanamke aruhusiwa kuwa na siku za kawaida. Mwandishi asiyeona siku za kawaida za mtu hawezi kujua siku ya msiba ilivunja nini. Handaki la mwaka 1954 lina maana kubwa zaidi kwa msomaji ajuaye njia ya mtoni ambayo handaki lile lilikata.

Walakini namshauri msomaji asichague moja na kuyatupa mawili. Masimulizi pasipo historia huweza kumfanya mtu adhani kwamba mkosi wake ni wa nyumba yake peke yake. Historia pasipo masimulizi hupoteza uso. Na yote mawili pasipo mahakama huweza kuwa maarifa yasiyodai kitu.

Katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi kuna sanamu iliyozinduliwa tarehe 12 Septemba 2015 kwa kumbukumbu ya walioteswa wakati ule, nayo ilijengwa kwa fedha za mapatano yale. Yaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula. Wawili hao hawatazamani. Wamegeuziana migongo, ili yeyote akikamatwa asiweze kumtaja mwenziwe. Mchongaji aliona jambo la kweli. Kutojulikana kwa mwanamke yule hakukuwa upungufu wake. Kulikuwa ni kazi yake, naye aliifanya vizuri hata karatasi za boma hazikumpata.

Lakini hatari ile imepita, na sababu ya kumgeuzia mgongo imepita nayo. Mwanafunzi usomaye insha hii, huenda nyumbani kwenu, Meru, Embu, au kwingineko, yuko mzee aliyekuwa mtoto katika kijiji cha handaki. Usimwulize mwaka aliozaliwa, kwani huenda haujui. Mwulize alitahiriwa au alibatizwa pamoja na nani, njaa gani ilikuwako, nyumba ilivunjwa mvua ikinyesha au kiangazi. Usimkatize apoanza mahali usipopatarajia. Andika kwa lugha aliyosemea. Ukimaliza msomee, naye akisema umekosa, sahihisha. Kisha rudi mwaka ujao, kama yungalipo.